Kipindi cha historia, utamaduni na uraia kwenye redio ya jamii: anzeni na kitu kinachoonekana

Ndugu mleta uzi, umeeleza kwamba redio ya jamii mnayojitolea imewapa saa moja kila wiki kwa ajili ya historia, utamaduni na masuala ya uraia. Kwamba wageni mnaowaalika huhutubia badala ya kuzungumza, wanaopiga simu hutuma salamu na kukata, na meneja ameanza kuuliza kama muda huo usingefaa zaidi kwa muziki. Nimeandaa na kuendesha kipindi cha aina hiyo kwa miaka kadhaa, na nitajibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe, nikiongeza machache kutoka kwa waliotutangulia.

Kwa jinsi ulivyoorodhesha mada zenu zilizopita, naona tatizo linaanzia kwenye mada zenyewe. “Historia ya eneo letu”, “Umuhimu wa utamaduni” na “Haki na wajibu wa mwananchi” ni vichwa vya hotuba, na mgeni yeyote mwenye adabu akikabidhiwa kichwa cha hotuba atahutubia. Msikilizaji naye hana pa kushika. Hawezi kupinga kwamba utamaduni ni muhimu, hana cha kuongeza kuhusu wajibu wa mwananchi, basi anachukua nafasi hiyo kuwasalimia jamaa zake. Mada inayowaita watu ni ile inayohusu kitu wanachoweza kukinyooshea kidole: jengo, daraja, jina la mtaa, kiwanja ambacho hakijawahi kujengwa, shule iliyohamishwa.

Sisi tuliwahi kuchukua ukumbi mmoja wa zamani wa mikutano, ambao kila mtu huupita na hakuna anayeutazama, na swali la kipindi likawa moja tu: nani aliujenga? Mgeni alikuwa fundi mwashi mstaafu aliyeshiriki ujenzi huo akiwa kijana, mtu aliyekuwa ametuonya mapema kwamba yeye hana historia ya kusimulia. Dakika za mwanzo alijibu kwa sentensi fupifupi. Nikamwuliza siku ya kumwaga zege alikuwa amesimama upande gani wa jengo. Alifikiri kidogo, kisha akasema alisimama mlangoni, ila si mlango huu wa sasa. Mlango mkuu ulikuwa upande wa pili, kwa sababu barabara ilipita huko. Kuanzia hapo hakuhitaji kusukumwa: akaeleza nani alisimamia kazi, nani alibeba maji, jinsi malipo yalivyocheleweshwa, na kwa nini kuta tatu ni za mawe na moja ni ya matofali, yaani mchango uliisha kabla ya kazi kwisha. Simu ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja aliyedai kwamba mlango ulihamishwa baada ya moto, wala barabara haikuhusika. Ya pili ilitoka kwa mtu ambaye marehemu baba yake alichangia ujenzi, na stakabadhi anayo hadi leo.

Stakabadhi hiyo ndiyo iliyotutoa kwenye historia na kutuingiza kwenye uraia bila kutangaza kwamba tumebadili mada. Ikiwa ukumbi ulijengwa kwa michango ya watu, ni mali ya nani sasa? Anayeukodisha anapeleka wapi fedha? Wiki iliyofuata tulimwalika diwani, tukamwandikia maswali mawili kabla ya siku, tukamwomba aje na kumbukumbu za vikao vilivyoamua umiliki. Alikuja nazo, na baadhi ya kurasa hazikumfurahisha. Kwa maoni yangu, mnakosea mnapotenga wiki moja ya historia, moja ya utamaduni na moja ya uraia. Kitu kimoja kikifuatiliwa kwa uvumilivu hupita katika zote tatu, na msikilizaji aliyevutiwa na kumbukumbu za fundi atabaki kusikiliza habari za bajeti, ambazo kwa kawaida angezizimia redio.

Sasa suala la ukweli, maana mtapata simu zinazopingana na mtashawishika kutafuta mshindi. Msiharakishe. Mwanahistoria wa Italia Alessandro Portelli alichunguza jinsi wakazi wa mji wa Terni walivyosimulia kifo cha Luigi Trastulli, mfanyakazi kijana wa kiwanda cha chuma aliyeuawa katika mapambano na polisi tarehe 17 Machi 1949, wafanyakazi walipotoka kuandamana dhidi ya Italia kujiunga na NATO. Wengi walisimulia kana kwamba aliuawa mwaka 1953, wakati wa ghasia zilizofuata kupunguzwa kazi kwa wafanyakazi. Portelli hakuwaita waongo. Alionyesha kwamba kosa hilo la tarehe linaeleza jambo ambalo nyaraka haziwezi kulieleza: kwa watu wale, kifo hicho kilistahili kuwa sehemu ya pigano kubwa la kutetea ajira zao, na kumbukumbu ikakihamishia huko. Mtangazaji anahitaji vyote viwili, yaani tarehe sahihi ya kwenye karatasi na sababu ya watu kuikumbuka vingine, na vyote viwili viende hewani.

Mwanahistoria Jan Vansina, aliyefanya utafiti wake mwingi Afrika ya Kati, alitoa angalizo jingine linalofaa kubandikwa ukutani studioni. Katika masimulizi ya mdomo, habari za karibuni huwa nyingi, habari za asili ya jamii huwa nyingi pia, lakini katikati kuna pengo, na pengo hilo husogea mbele kadiri vizazi vinavyopita. Ndiyo maana mgeni wenu atasimulia kwa ufasaha jinsi babu wa kwanza alivyofika, atasimulia ujana wake mwenyewe, na miaka ya katikati ataivuka kwa sentensi mbili. Mkilijua hilo hamtamlaumu. Mtatafuta rejista, picha, ramani na magazeti ya zamani kwa ajili ya kipindi hicho cha katikati, na mtamwuliza kila msimulizi jambo rahisi ambalo watangazaji wengi hulisahau: haya uliyaona mwenyewe, au uliambiwa, na kama uliambiwa, na nani?

Kuhusu wageni wanaohutubia, dawa yake ipo kabla ya kuingia studio. Mtembeleeni mgeni siku chache kabla, mzungumze naye kwa muda mfupi kuhusu mipaka ya mada, mjue alipokuwapo na asipokuwapo, lakini msimwache amalize kisa chake kizuri kuliko vyote, kwa sababu mtu akishakisimulia mara moja, mara ya pili hukifupisha na kusema “kama nilivyokwambia”, wakati msikilizaji hakuambiwa chochote. Studs Terkel, aliyehoji watu katika kituo cha WFMT cha Chicago tangu mwaka 1952 hadi 1997 na kuacha zaidi ya vipindi 5,000, alifahamika kwa kujiandaa kupita kiasi na kisha kuzungumza kama mtu asiye na haraka, huku akihangaika na vifaa vya kurekodia ambavyo hakuvimudu kamwe. Mtu asiyejua mitambo humpunguzia mgeni woga. Asiyejua mada humkosea heshima.

Maswali yawe ya mahali, watu na vitendo. Ulikuwa wapi, nani mwingine alikuwapo, mlisikia sauti gani, nani alizungumza kwanza. Swali la “unalionaje suala la maadili ya vijana wa leo” halina jibu zaidi ya lawama, na mimi binafsi nililipiga marufuku katika kipindi chetu. Mwekeni mgeni kama shubiri moja kutoka kwenye kipaza sauti, kidogo pembeni mwa mdomo, na mwambieni asikishike wala kugonga meza. Mzee anayechoka haraka msimlazimishe kuja moja kwa moja hewani. Mrekodini nyumbani kwake katika chumba chenye mapazia na bila feni, mchague kipande cha dakika saba au nane, mkirushe mwanzoni mwa kipindi, halafu muda uliobaki uwe wa mazungumzo na simu. Kipande kilichochaguliwa vizuri huwapa wapigaji simu kitu cha kujibu, na hapo ndipo salamu hupungua zenyewe.

Utamaduni sina mengi ya kuuongezea, isipokuwa hili: muulizeni anayeutenda kabla ya anayeuelezea. Mpiga ngoma akieleza jinsi anavyojua muda wa kubadili mdundo atawapa kipindi. Mtaalamu akieleza kwa nini ngoma ni muhimu atawapa risala.

Upande wa uraia ndio wenye hatari zaidi, na ndio wenye historia ndefu ya mafunzo. Kanada, kati ya mwaka 1941 na 1965, kulikuwa na mpango wa redio kwa wakulima ambapo majirani walikusanyika kusikiliza pamoja, wakajadili, kisha wakatuma maoni yao kwa watayarishaji; mwaka 1956 mfano huo ulijaribiwa Pune, India, kwa msaada wa UNESCO. Nguvu yake haikuwa redio peke yake, ilikuwa kwamba majadiliano yalikuwa na mahali pa kufanyika na njia ya kurudi studioni. Hata nyinyi mnaweza kuwa na vikundi vichache vya wasikilizaji vyenye katibu anayeleta hoja kwa maandishi. Uganda nayo ilikuwa na ebimeeza, mijadala ya wazi iliyorushwa moja kwa moja kutoka kumbi za hadhara, watu wakipanga foleni kusema yao. Ilipendwa sana, kisha serikali ikaipiga marufuku Septemba 2009 baada ya ghasia za Kampala. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu uamuzi ule, na mimi nina yangu, lakini mwenye kituo kidogo anapaswa kujua kwamba mjadala wa moja kwa moja katikati ya umati haumpi mwendeshaji nafasi ya kuhakiki wala kuzuia neno lolote, na kwamba leseni ni ya kituo, si ya msemaji.

Kwa hiyo wekeni taratibu kabla ya siku ya matatizo. Awepo mtu wa kupokea simu, anayeuliza jina na hoja kabla ya kumpitisha msikilizaji hewani. Kama mitambo yenu inaruhusu kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache, itumieni. Anayetuhumiwa kwa jina apewe nafasi ya kujibu katika kipindi hichohicho au kinachofuata, na tuhuma isiyo na ushahidi isirushwe hata kama inasemwa mtaani kote. Kuna maswali mawili ya historia ambayo hujifanya hayana madhara lakini ni moto mtupu: nani alitangulia kufika hapa, na ardhi hii ilikuwa ya nani. Msiyakimbie, ila yarekodini kwanza, na msiyarushe kwa sauti ya upande mmoja. Marehemu hawezi kushtaki, lakini watoto wake wanasikiliza.

Jambo ambalo hukuuliza na ambalo ningelifanya hata kama kipindi kingefutwa kesho ni kuhifadhi rekodi. Vituo vingi hufuta faili kila mwezi ili kupata nafasi kwenye kompyuta, na kwa njia hiyo sauti pekee ya mtu aliyeona tukio hupotea kwa ajili ya matangazo ya biashara. Hifadhini mazungumzo kamili katika faili la WAV (aina ya faili lisilobana sauti), si kile kipande kilichohaririwa tu, yakiwa na jina la msimulizi, tarehe, mahali na mada, pamoja na ridhaa yake iliyosainiwa au kutamkwa mwanzoni mwa rekodi. Nakala moja ikae nje ya kituo, maktaba au shuleni. Kituo cha redio ya jamii cha Homa Bay nchini Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO, kilifungwa na serikali mwaka 1984. Redio za wachimba madini wa Bolivia, zilizogharimiwa kwa makato ya mishahara ya wachimbaji wenyewe tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, zilivamiwa na wanajeshi zaidi ya mara moja. Kituo kinaweza kunyamazishwa kwa siku moja, na kilichohifadhiwa ndani yake pekee kitanyamaza nacho.

Nimalizie na meneja wenu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye saa yenu mkononi. Msibishane naye kuhusu umuhimu wa historia. Fungueni daftari la simu lenye safu tatu: idadi ya simu, simu zilizoleta habari mpya, na nyaraka au picha zilizoletwa kituoni kutokana na kipindi. Chagueni jengo au kiwanja kimoja, mkifuatilie kwa vipindi vinne mfululizo, kisha mpelekeeni daftari hilo pamoja na ombi la kukiachia kipindi hadi suala hilo lipate jibu kutoka kwa mamlaka inayohusika. Muziki wekeni kati ya simu na simu, tena wimbo mzima, kwa sababu mnahitaji dakika hizo kumwuliza anayesubiri kwenye simu kama stakabadhi yake ina tarehe.