Kwa walimu wapya wa Historia: someni mstari kwanza, mwandishi mtamhukumu baadaye

Muhula huu nimekaa tena nyuma ya madarasa nikiwaangalia walimu wa mazoezi wakifundisha upendeleo wa mwandishi, na nimeona jambo lile lile la miaka yote. Mwalimu anaandika ubaoni jina la mwandishi. "Huyu alikuwa nani?" Watoto kwa sauti moja: "Mzunguuu!" "Kwa hiyo?" "Ana upendeleo!" Makofi. Ubao unafutwa, tunahamia mada nyengine, na maandishi yenyewe hayakusomwa hata mstari mmoja.

Walimu wangu vijana, nawapenda, na bidii yenu naiona. Lakini hili linanitia uchungu. Mtoto aliyetoka na somo hilo akipewa kitabu atatazama jina juu ya jalada, ataamua, atakifunga. Tumemfundisha upendeleo badala ya kumfundisha kuutambua.

Basi nawaandikia haya. Nayatia namba mpate kuyanakili kwenye maandalio yenu.

1. Alama ziende kwenye mstari. Mwanafunzi akisema mwandishi ameegemea upande, aonyeshe wapi: neno gani, sentensi gani, au jambo gani limerukwa. Asiyeonyesha hana alama.

2. Livunjeni jibu la kukariri. Wengi wetu tunafundisha Historia pamoja na Kiswahili, na watoto wanatoka kwenye fasihi na ile sentensi yao: msimamo wa mwandishi ni wa kimapinduzi, mtazamo wake ni wa kiyakinifu. Niliwahi kuwapa kidato cha tatu tangazo la mgao wa maji lililobandikwa dukani, nikauliza aliyeliandika anataka tuamini nini. Kijana mmoja mwenye hati nzuri sana akajibu kwamba mwandishi ana msimamo wa kimapinduzi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikamwita tukalisoma pamoja, polepole. Wananchi wanaombwa kustahamili. Huduma imesitishwa. Itarejeshwa. Akalirudia mara mbili, akaninyanyulia uso: "Maalim, mbona aliyesitisha hayumo?" Akaenda kuliandika jibu upya bila ya kuambiwa. Swali hilo la nani hayumo wapeni watoto wiki ya kwanza, kabla ya istilahi yoyote.

3. Habari za Simba na Yanga zinafaa dakika kumi za mwanzo, basi. Zaidi ya hapo watoto wanadhani mwenye upendeleo ni lazima apige kelele. Mwandishi hatari ni yule mtulivu, mwenye tarehe zote na adabu zote.

4. Msianze na jambo lililo karibu na damu yao. Hili ndilo khasa lililonishikisha kalamu, kwa sababu mwaka huu nimeona wawili wakitaka kulirudia.

Alikuja kwetu mwalimu mmoja kijana, hodari, watoto wanamfuata mpaka njia ya msikitini wakimuuliza maswali. Wiki yake ya pili akaingia darasani na karatasi mbili alizozichapa mwenyewe usiku, zote zinahusu Januari 1964. Ya kwanza inasimulia Mapinduzi ya Zanzibar kwa mdomo wa watu waliokombolewa. Ya pili inasimulia siku hizo hizo kwa mdomo wa familia iliyokimbia. Karatasi zilichaguliwa vizuri, nasema kweli. Kisha akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: NANI MUONGO?

Nilikuwa nimekaa nyuma. Darasa zima lilinyamaza, na haukuwa ukimya wa watu wanaofikiri. Kulikuwa na watoto wawili dawati la mbele ambao babu wa mmoja alipata zile eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi, na kwao mwenzake ndiko lilikochukuliwa shamba. Wamekaa pamoja tangu darasa la kwanza, wakati wa mapumziko wanagawana andazi moja. Hakuna aliyewahi kuwataka wachague. Sauti ikatoka nyuma, ndogo tu: "Basi babu yako ndiye muongo." Aliyeambiwa akasimama. Mwalimu akapiga meza, akataka utulivu, akaendelea, maana andalio lake lilikuwa na dakika ishirini za majadiliano na alitaka zitimie. Msichana wa dirishani akaikunja ile karatasi ya pili, akaikunja tena na tena mpaka ikawa ndogo kama hirizi, akaitia mfukoni. Hakuinua kichwa mpaka kengele ikalia.

Baada ya adhuhuri babu wa msichana huyo akaja skuli. Hakugomba. Alikaribishwa kiti ofisini kwa mkuu wa skuli, akavua kofia akaiweka gotini, akasema: "Mjukuu wangu ameulizwa mbele za watu kama mimi ni muongo. Nimwambie nini?" Tulikuwa walimu wanne mle ofisini na hakuna aliyekuwa na la kumwambia.

Sasa litazameni kosa lenyewe, kwa sababu watu wengi walisema kosa ni kuigusa 1964. Sikubaliani nao. Watoto hao wanazisikia habari hizo nyumbani na barazani, na wasiposaidiwa kuzisoma watabaki na zile walizozikuta kwao. Kosa lilikuwa swali. Yamkini kila sentensi kwenye karatasi zile mbili ilikuwa kweli. Mwandishi wa kwanza alianza na utumwa na miaka ya kuishi kwenye ardhi ya mtu mwengine. Wa pili alianza usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari. Kila mmoja alianza pale maumivu ya watu wake yalipoanzia. Ukiuliza nani muongo, mtoto analazimika kumtetea babu yake. Ukiuliza kila mwandishi ameanzia wapi, na kwa nini pale, mtoto anasoma.

Mwalimu yule hakuwa na nia mbaya hata chembe. Aliachiwa darasa bila ya mtu kumwambia hili. Nyinyi nakuambieni.

5. Kwa hiyo muanzie wapi? Mimi naanzia 1896. Sultani wa Zanzibar, Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash wa ukoo huo huo akaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza, wakampa muda mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Muda ulipopita manowari zikaipiga mizinga Forodhani kwa dakika kama 40. Hesabu inayotajwa zaidi ni 38. Upande wa kasri watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Na habari hii leo inauzwa duniani kote, mpaka na watembezaji watalii wetu wenyewe pale Forodhani, kwa jina la vita vifupi kuliko vyote katika historia.

Waulizeni watoto: aliyevipa vita jina hilo alikuwa amesimama wapi? Nani alikuwa na nafasi ya kutazama saa asubuhi ile? Kisha wapeni kazi ya kuiandika habari upya, sentensi ya kwanza iwe ya wale 500 na dakika zije mwisho. Hakuna namba iliyobadilishwa, hakuna jina lililoongezwa, lakini wakisomeana wenyewe wanashtuka. Kipindi kimoja kinatosha, na hakuna mzee atakayekuja skuli kesho yake.

6. Halafu mwandishi wanayempenda. Hapa ndipo walimu wengi wapya hawafiki kabisa, na bila ya hapa kazi yote ya nyuma imepotea.

Mimi natumia kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni 1844, akaondoka Unguja 1866 na kuwa Emily Ruete. Wasichana wanampenda mara moja, na wana haki. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Waacheni wampende. Baadaye wapeni kurasa anazozungumzia utumwa, ambapo anashikilia kwamba utumwa wa kwetu usifananishwe na ule wa Marekani, na anawalaumu Wazungu kwa kutaka kuuondoa haraka. Darasa linapoa. Mwandishi si Mzungu wa kuzaliwa, si mgeni, ni wa kwetu, na bado kuna kitu hakionekani vizuri kutoka dirisha alilokaa. Nani alikuwa akimpikia? Mashamba ya baba yake yalilimwa na nani?

Watakuwepo watakaosema, basi tumtupe. Wazuieni hapo hapo. Kwa mambo ya ndani ya kasri la Mtoni, nani alikula na nani, nani alimwonea nani wivu, ni shahidi ambaye hatuna wa kumshinda. Kwa maisha ya mtumwa shambani, ushahidi wake ni dhaifu. Mtoto akiweza kuandika sentensi hizo mbili kwa mwandishi mmoja amefahamu, na mimi alama zote nampa. Waongezeeni na tarehe: 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani akidai mirathi yake, na kitabu kikachapishwa 1886 kwa Kijerumani. Wakisoma anavyomtaja kaka yake Barghash, aliyekuwa Sultani wakati huo, wakumbuke dai hilo la mirathi lilikuwa bado bichi.

7. Sasa mnaweza kukaribia nyumbani, taratibu. Uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963: chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31. Vyama vya Hizbu (ZNP) na ZPPP, vilivyoungana, kwa pamoja vilipata viti 18, vikaunda serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Disemba. Andikeni ubaoni sentensi mbili, moja yenye kura tu, moja yenye viti tu, bila ya majina ya waandishi. Kila moja ni kweli. Kila moja imeacha namba gani, na itamfurahisha nani? Hapo hapana anayeitwa muongo, kwa hiyo watoto wanafungua midomo. Mwenye njia ya kufika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, aombe kuonyeshwa magazeti ya Mwongozi na Afrika Kwetu ya miaka ile. La kwanza lilikuwa na Hizbu, la pili na Afro-Shirazi, na kwa somo hili sijapata zana nzuri zaidi.

Ile 1964 ije mwisho wa muhula. Mwalimu yule bado anafundisha, na karatasi zake mbili bado anazitumia. Amebadilisha swali tu.

Jambo jengine, nalo silipi namba. Kitabu cha kiada nacho ni maandishi ya mtu, na noti zenu za ubaoni pia. Sisi tuliopo Pemba tunalo zoezi la bure: mtoto apige mstari chini ya kila neno Pemba katika sura ya karafuu. Mara nyingi anakuta mistari michache sana. Na hali kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi mno, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimetoka huku. Watoto wanakasirika, na hasira hiyo ni nzuri, itumieni. Nusu ya darasa iandike aya iliyokosekana, nusu ya pili iikague aya hiyo kama ilivyomkagua Sayyida Salme.

Mara ya mwisho tulipofanya zoezi hili, kundi la kwanza liliandika aya tamu sana: kimbunga, mikarafuu, mashamba, majina ya vijiji vyao wenyewe. Kundi la pili likasoma, likanong'onezana, kisha msichana mmoja akauliza: "Na walioipanda? Na wanaochuma?" Wenzao wakaichukua karatasi yao wakaanza upya.

Zoezi hilo linataka vipindi viwili vinavyofuatana. Muombeni mapema mwalimu wa taaluma, msilibane kwenye kimoja.