Maswali yenu kuhusu kutembea ukingo wa Sekenke

Tangu niseme kwamba mwezi wa saba mimi na wenzangu wawili tulitoka hapa Dodoma tukaenda kutembea kwa miguu ukingo wa Sekenke kule Iramba mkoani Singida, maswali hayajakatika, kwahiyo leo najibu yale yaliyojirudia.

Dada habari, hivi Sekenke si ule mlima wa malori tu? Kuna nini cha kuona? (Kijana wa Area C)

Salama mdogo wangu. Ndo huohuo, ule unaoteremka ukitoka Misigiri kwenda Shelui kwenye barabara ya Mwanza, na wengi tumeupita usiku tumelala kwenye basi. Ila ukisimama juu pale asubuhi unaona mbuga ya Wembere yote imelala chini yako, na chini hapohapo upande wa Shelui ndo kuna machimbo ya Sekenke, dhahabu iligunduliwa 1907 enzi za Mjerumani na mgodi ukaanza kufanya kazi 1909, yaani kabla mgodi wa Geita haujaanza kuchimbwa huku Iramba watu walikuwa wanashuka chini ya ardhi. Mwamba wenyewe una miaka zaidi ya bilioni 2.5, dhahabu imekaa kwenye mikanda ya mawe meupe ya kwatzi, na ukitembea polepole utaiona ile mikanda imekatiza kwenye jiwe jeusi.

Nimesikia Wajerumani walitengeneza hela ya dhahabu kutoka huko, ni kweli au stori za vijiweni? (Mwalimu, Nkuhungu)

Kweli kabisa mwalimu, na hili swali nimelipenda kuliko yote. Vita vya kwanza vya dunia Waingereza walifunga bahari, hela haiingii, na wakoloni wana askari wa kulipa, basi 1916 wakafyatua sarafu ya rupia 15 pale Tabora kwenye karakana ya reli, dhahabu ikitoka Sekenke. Upande mmoja kuna tembo ameinua mkonga na nyuma yake mlima, upande wa pili tai wa Mjerumani, na kuna herufi T ya Tabora. Zilitoka kama elfu 16 hivi, mwezi wa tisa mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora ikawa basi. Leo hizo sarafu wanauziana wakusanyaji huko nje kwa hela ndefu, na mimi nikiwa nimesimama pale juu nilikuwa nawaza watu waliolitoa lile jiwe kwa mikono, majina yao hayapo kwenye sarafu wala kwenye kibao chochote nilichokiona, inaniuma kwa kweli, ukipata nafasi wapeleke wanafunzi wako wakaone mahali penyewe.

Je kuna njia ya kupandia yenye vibao na geti? (Baba Neema)

Hapana baba Neema, usitegemee mambo ya Marangu, lile geti la kupandia Kilimanjaro. Kuna njia za wachungaji na za kina mama wa kuni, zinagawanyika kila baada ya hatua mia. Ukifika nenda ofisi ya kijiji kwanza, jitambulishe, omba mwenyeji wa kuwatembeza na mlipe vizuri. Na msitembee pembeni ya lami kwenye mteremko, malori yale yanashuka na mzigo na breki zikigoma hayana pa kukwepea.

Mashimo ya zamani yanaruhusiwa kuingia? Nataka kupiga picha ndani. (Msomaji wa Chang'ombe)

Usiingie. Naomba nikuambie kama dada yako, usiingie. Maduara ya zamani, yaani hayo mashimo ya wachimbaji, matimba yake, magogo yanayozuia kuta, yameoza, udongo unashikiliwa na mazoea tu, alafu chini hewa inaweza kuwa haitoshi na hutajua maana hakuna harufu, mtu anaishiwa nguvu anaanguka, mwenzie anashuka kumwokoa na yeye anaanguka, ndo maana utasikia wamekufa wawili watatu kwa mpigo. Mengine yamefunikwa na majani, sisi mwenyeji wetu alikuwa anatangulia na fimbo anagonga chini, kuna sehemu akatunyooshea mkono tusimame, mi naona kichaka tu, akarusha jiwe na tukahesabu hadi tatu ndo likalia. Tangu hapo nilikanyaga alipokanyaga yeye. Piga picha ukiwa mbali, inatosha.

Maji je, kuna vijito vya kunywa? (Mama wa Kikuyu)

Bebeni yenu mama, lita tatu kwa kila mtu. Wachimbaji wadogo bado wapo, wanasaga mawe kwenye karasha na kunasa dhahabu kwa zebaki, kwahiyo maji ya karibu na mialo, pale wanapooshea huo mchanga wa dhahabu, msiyaguse, na watoto wasichezee ule mchanga wa marudio, yaani mabaki baada ya dhahabu kutolewa, hata kidogo. Wakiwa wanachoma zebaki kaeni mbali, ule moshi ni sumu.

Nikiokota jiwe lenye dhahabu ni langu? (Dula)

Hapana Dula, kukaa na madini bila leseni ni kosa, na lile eneo lina wenyewe. Liache.

Kwenda ni lini na nauli inakuwaje? (wengi)

Juni hadi Septemba, kumekauka na asubuhi kuna baridi nzuri. Kutoka Dodoma hadi Singida ni kama kilomita 240, panda basi lolote la Mwanza mwambie konda akushushe Misigiri, nauli ulizeni stendi maana inabadilika. Sisi tulilala Singida mjini, tukala kuku wa kienyeji na ugali wa mtama, alfajiri tukaondoka, saa moja na nusu tukawa juu. Mwezi wa kumi na mbili hadi wa nne mvua inashuka na njia zinateleza vibaya, na mashimo yanajaa maji hayaonekani.