Nimeota embe lililooza: je, tafsiri ya mganga itanifika?

SWALI: Sheikh, assalaam alaykum. Naishi Kisauni, nina mimba ya miezi mitano. Mwaka jana nilijifungua, mtoto akafa siku ya tatu. Juzi nimeota niko uani kwa marehemu nyanya, mwembe umezaa mpaka matawi yanainama. Dodo moja likaniangukia kwenye leso. Kulipasua, ndani limeoza. Mama mkwe akanipeleka kwa mfasiri wa ndoto. Akasema mtoto huyu naye hakai, ila tuchinje beberu mweusi chini ya mwembe ule na tumpe shilingi 6,000. Nimesikia ndoto ikishafasiriwa huwa kweli. Silali.

JIBU: Wa alaykumus salaam, mwanangu. Tafsiri ile haikufungi kitu. Tulia, usome hili polepole.

Hilo ulilosikia lina asili. Wanazuoni wa hadithi Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba ndoto iko juu ya mguu wa ndege, yaani haijatua, maadamu haijafasiriwa, ikifasiriwa huwa kweli. Wapiga ramli wameishika nusu hiyo wakaiacha inayofuata: usimsimulie ila akupendaye au mwenye akili. Tena wanakificha kilichomo katika kitabu cha hadithi cha Bukhari. Mtu alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa ameota wingu likidondosha samli na asali. Abubakar akaomba ruhusa akaifasiri, kisha akauliza kama amepatia. Mtume akamjibu: umepatia baadhi na umekosea baadhi. Imam Bukhari akaiweka hadithi hiyo katika mlango wa asiyeichukua tafsiri ya mfasiri wa kwanza ikiwa hakupatia. Basi ikiwa Abubakar Siddiq alikosea, na kosa lake halikugeuka kuwa kadari, huyu wa beberu ni nani?

Na tafsiri yenyewe ameitoa wapi? Kuna kitabu kinachouzwa kwa jina la Ibn Sirin, mwanazuoni wa kale aliyesifika kwa kufasiri ndoto: tunda hili maana yake hii, mti ule maana yake ile. Ibn Sirin alifariki mwaka 110 Hijria, na wanazuoni wengi hawakubali kuwa kitabu hicho ni chake. Linalosimuliwa juu yake linakwenda kinyume na mtindo huo: watu wawili walimjia, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akamwambia atahiji, wa pili akamwambia ni mwizi, kwa alivyozijua hali zao. Huyu wenu hakukuuliza hata kama umefiwa.

Mtume (s.a.w.) amezigawa ndoto mafungu matatu: bishara kutoka kwa Allah, huzuni anayoitia Shetani, na yale mtu anayojisemesha nafsini mwake. Mama aliyezika mwaka jana, tena ana mimba, kuota tunda limeharibika mikononi mwake, mimi naliona ni la fungu la tatu, na Shetani akalipalilia. Siapi juu yake.

Beberu msichinje. Mtume (s.a.w.) amesema Allah amemlaani mwenye kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Allah, na kumchinjia mwembe au kilicho mwembeni ni hilo hasa. Kwa kumwendea mfasiri huyo, tubuni wote wawili, wewe na mama mkwe. Usije ukaacha kuswali kwa kusikia hadithi ya siku 40, kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo swala zake hazikubaliwi siku hizo. Faradhi iko pale pale.

Ndoto mbaya ikikujia tena, teme mate mepesi kushotoni mara 3, sema A'udhu billahi minash shaytanir rajim mara 3, geuza ubavu, na ukiweza inuka uswali. Kisha nyamaza. Wengi hapa ndipo wanapoharibu: wanajikinga usiku, asubuhi wanaisimulia mlango kwa mlango, kila jirani anaongeza lake. Kabla ya kulala tia udhu, soma Ayatul Kursiy, kusanya viganja usome Qul Huwallahu na Qul A'udhu mbili, upulize na kujipangusa mwili, mara 3.

Kama unataka ndoto ya mti ya kuishika, shika ya Mtume, ambayo ni wahyi. Katika hadithi aliyoipokea sahaba Samura, Mtume aliona bustani ya kijani yenye mti mkubwa, na shinani mwake mzee na watoto wamemzunguka. Akaambiwa yule ni Ibrahim, na wale ni watoto wa watu. Mwanao yuko katika malezi hayo, inshallah.

Mama mkwe usimgombeze, naye ameogopa kama wewe. Mumeo ndiye azungumze naye kwa upole. Zile 6,000 ziwe nauli ya kliniki na chakula chako. Na mweleze mkunga wazi kuwa wa kwanza alifariki siku ya tatu, aiandike kwenye kadi yako, ili mpange mapema ujifungulie hospitali yenye chumba cha watoto wachanga.