Hilux inakaa chini nyuma ikivuta tela: niongeze springi?

SWALI: Fundi, nina Hilux dabo kebini yenye springi za kiwandani. Natoka Arusha kwenda Karatu mpaka Serengeti na tela la kambi ambalo likijaa lina kilo 1,400. Tenki lake la maji liko nyuma kabisa. Gari inakaa chini nyuma, taa zinawapiga wenzangu machoni, na nikifika spidi 80 tela linaanza kuyumba. Nimeshauriwa niongeze vyuma viwili kwenye springi. Nikubali?

JIBU: Subiri kwanza, ndugu yangu. Una matatizo mawili, na springi inatibu moja tu.

Lililo hatari ni kuyumba, na linatokana na lile tenki. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli ya tela, pua yake inakuwa nyepesi, na tela lenye pua nyepesi hucheza hata ukilifunga kwenye lori. Hamisha tenki lije juu ya ekseli, spea na vyombo vizito vikae mbele yake kidogo. Pua ibonyeze ndoano ya gari kwa angalau asilimia 10 ya uzito wa tela, yaani kilo 140. Nenda kwenye mizani, usikadirie kwa macho.

Sasa sehemu ya nyuma ya gari itazidi kushuka, na nataka uelewe kwa nini. Ndoano iko nyuma ya ekseli, tuseme mita 1.2, na kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma Hilux yako ina mita 3 na ushee. Ni kama ule ubao wa watoto wa kupanda na kushuka. Kilo 140 pale nyuma zinaifikia ekseli kama kilo 195 hivi, na zile 55 za ziada zimenyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele. Ndiyo maana taa zinatazama juu na usukani unakuwa mwepesi. Kwa hiyo jokofu na madumu ya mafuta yaliyoko mkiani mwa bodi yasogeze hadi mgongoni mwa kebini.

Ukishapanga hivyo, pima kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, mbele na nyuma, kabla na baada ya kufunga tela. Nyuma ikiwa bado inashuka sana, hapo badilisha springi. Nunua seti nzima iliyotengenezwa kwa uzito unaoubeba kila siku. Vyuma vya kuchomeka kutoka gari jingine huifanya gari irukeruke ikiwa tupu. Shokapu nazo ziwe za gesi, maana kwenye changarawe iliyojikunjakunja mafuta ya shokapu ya kawaida hupata moto, yakatoa povu, na gari ikabaki haina cha kuzuia mdundo.

Mifuko ya hewa ya kusaidia springi siipendi kwa njia yako. Inaiinua gari vizuri, lakini inasukuma chasisi sehemu moja tu, na kwa mzigo mkubwa na mashimo chasisi huweza kupinda nyuma ya kebini. Tena, hakuna springi wala mfuko unaoongeza kilo ambazo kiwanda kimeiruhusu gari kubeba.

Tela la kilo 1,400 liwe na breki zake lenyewe. Kushuka ule ukingo wa Mto wa Mbu bila breki za tela, hapana.

Springi mpya zikishafungwa, kaza tena yubolti, zile bolti zinazoishika springi kwenye ekseli, baada ya kilomita 500.