Maswali ya Wasomaji: Je, Kocha Bowden aliondoka au aliondolewa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa michezo katika chuo kimoja hapa Kigoma. Kocha wetu wa soka, ambaye wengi wetu tumepita mikononi mwake, ametajiwa mrithi huku yeye mwenyewe akiwa bado anashika filimbi. Tulipokuwa tukilizungumza jambo hili barazani, mwenzangu alitoa mfano wa Bobby Bowden wa Marekani, akisema kuwa mzee huyo aliachia ngazi kwa hiari. Je, ni kweli? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Ndugu msomaji, kwenye karatasi mwenzako hajakosea, lakini waliofuatilia mkasa huo wanajua kwamba hiari ile ilikuwa ya jina tu.

Bowden alipokabidhiwa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Florida State mwaka 1976, timu hiyo ilikuwa imeshinda michezo 4 tu kati ya 33 katika misimu mitatu iliyotangulia. Aliipa ubingwa wa taifa wa misimu ya 1993 na 1999, na kuanzia 1987 hadi 2000 haikuwahi kumaliza msimu nje ya timu tano bora za nchi. Baada ya hapo makali yakapungua. Lawama za kwanza zilimwangukia mwanawe Jeff, aliyesimamia mashambulizi, naye akajiuzulu mwaka 2006. Nafasi yake ikachukuliwa na Jimbo Fisher, ambaye kabla mwaka 2007 haujaisha alikuwa amekwisha kutangazwa mrithi wa Bowden.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mambo yalipoharibika. Mkataba wa Fisher uliweka ukomo: asipokuwa kocha mkuu ifikapo Januari 2011, chuo kingemlipa mamilioni ya dola. Wavuvi wa Kibirizi wangewaambia mapema kwamba usukani haushikwi na watu wawili, maana tangu siku ile kila mchezo uliopotea ulihesabiwa kuwa sababu ya kuharakisha siku ya mzee kuondoka.

Msimu wa 2009 ulikwenda ushindi 6, vipigo 6. Bowden alitaka mwaka mmoja zaidi. Akaelezwa kwamba anaweza kubaki, ila kwa cheo kisicho na madaraka ya kufundisha. Mkuu wa chuo, T. K. Wetherell, alikuwa mchezaji wa timu hiyo hiyo katika miaka ya 1960, Bowden akiwa kocha msaidizi, na nadhani jambo hilo liliufanya ujumbe uwe mchungu zaidi. Tarehe 1 Desemba ikatangazwa kuwa anastaafu, akiwa na umri wa miaka 80.

Alipewa mchezo mmoja wa kuaga, Jacksonville, tarehe 1 Januari 2010, dhidi ya West Virginia, chuo alichowahi kukifundisha. Kabla ya kuanza, alikwenda mwenyewe katikati ya uwanja na kuuchomeka mkuki ardhini, kazi ambayo kwa desturi hufanywa na mpanda farasi wa timu. Wakashinda 33 kwa 21. (Ushindi wake rasmi ni 377, kwa kuwa 12 ulifutwa kutokana na udanganyifu wa masomo uliowahusu wanamichezo wa chuo hicho.)

Kwa hiyo, kabla hamjaanza kuchangishana fedha za sherehe ya kumuaga mzee wenu, ulizeni kwanza mkataba wa mrithi umeandikwa tarehe gani, na kama mzee mwenyewe ameonyeshwa.