Malipo yameingia lakini sistimu inayakataa, nifanyeje?

SWALI: Fundi habari yako. Niko kwa kampuni ya jumla hapa Industrial Area, tuna maduka Gikomba, Ruiru, Kitengela. Wateja wanalipa kwa Paybill, ile namba ya M-Pesa ya biashara, na meseji ya malipo inaingia yenyewe kwa sistimu ya uhasibu, lakini mteja akikosea namba ya akaunti inakataliwa, pesa haionekani kwa vitabu. Mmoja anaandika GK-0045, mwingine gk 0045, mwingine invoisi 45 tu, kuna mmoja aliandika jina la bibi yake. Kila mara namwita kijana aliyetuwekea sistimu aongeze kitu huko ndani, halafu apudeti ikija inafuta yote. Hakuna njia ya kuweka sheria zetu bila kugusa sistimu? – Karani Aliyechoka

JIBU: Pole Karani, na huyo kijana mwambie aache kuchokora sistimu. Ndani ni kwa mwenye kuitengeneza, akileta toleo jipya anaandika juu ya vitu vyenu na hata hajui vilikuwepo. Sheria zenu zikae mlangoni, kaprogramu kadogo ka kupokea meseji, kuisoma na kuamua iende wapi kabla haijagusa uhasibu. Ziko za bure kama Apache Camel, lakini kusema ukweli kwa nyinyi hata jedwali moja kwa databesi litatosha: meseji ikiwa hivi, fanya hivi, na namba ya kuonyesha ni sheria ya ngapi. Mkitaka sheria mpya mnaongeza mstari, basi.

Kwanza kabisa angalia msimbo wa muamala, zile herufi na namba kumi, kama ishaingia iache, juu meseji moja inaweza kuletwa mara mbili na mkahesabu pesa hewa. Halafu safisha: herufi zote kubwa, toa nafasi na vistari, GK-0045 na gk 0045 zitakuwa kitu kimoja. Lakini hiyo invoisi 45 usiibahatishie! Gikomba wako na 45 yao na Ruiru wako na yao. Sheria iangalie kama kuna invoisi moja tu ya namba hiyo haijalipwa na pesa ni ileile kamili, hata hapo impendekezee mtu, isijiamulie.

Sasa mpangilio, hapa ndio watu wengi huangukia. Ile ya kwanza kufanana ndio inashinda, kwa hivyo inayobana iwe juu na ile pana iwe chini. Mimi kuna mahali niliweka “ikianza na K peleka Kitengela” juu ya sheria ya duka la Kikuyu, siku tatu nzima malipo ya Kikuyu yanaingia Kitengela, meneja wa Kitengela anapigiwa makofi kwa mkutano na wa Kikuyu anaitwa ofisini aeleze mauzo yalienda wapi. Mpaka leo tukipatana hanisalimii vizuri. Siku hizi sheria yoyote mpya naipitishia kwanza meseji za mwezi uliopita nione zinaangukia wapi, na jedwali lazima lionyeshe nani alibadilisha nini na lini.

Ya mwisho kabisa iwe ya kudaka kila kitu kilichobaki, na isitupe. Meseji ya kuthibitisha ikifika kwenu pesa ishatoka kwa mteja, mkiikataa hamjamrudishia chochote, mmejificha macho tu. Iwekeni kwa akaunti ya kusubiri na mtu aipitie kila asubuhi. Mnaweza pia kuomba Safaricom wawafungulie uhakiki wa kabla, hapo malipo yenye akaunti mbaya mnayakataa kabla pesa haijatoka, lakini lazima mchague mapema seva yenu ikilala malipo yapite ama yakataliwe. Mimi ningeacha yapite niyatafute baadaye, kuliko mteja asimame kwa kaunta ya Gikomba na mzigo mgongoni simu inakataa.

Na huyo wa jina la bibi msimwandikie sheria. Mzigo ukichelewa atapiga simu mwenyewe.