Vidonge vya majira kutoka famasi: asiyekuuliza kitu asikuuzie

Kwa sisi wa Tanga mjini, vidonge vya uzazi wa mpango havihitaji safari. Unatoka Makorora baada ya alasiri, unashuka Ngamiani, unaingia famasi, unaomba, unalipa, na ukirudi nyumbani magharibi bado haijaadhiniwa. Hakuna foleni wala kadi. Vyangu navichukua hivyo tangu nilipomwachisha ziwa mtoto wa pili, na kila wifi au shoga anayeniuliza kama ni salama namjibu kwamba inategemea aliyesimama nyuma ya kaunta amekuuliza nini.

Famasi ya kwanza niliyoingia siitaji. Nilisema tu "naomba vidonge vya majira", kijana akanisukumia pakiti moja bila boksi, bila karatasi ya maelezo, akarudi kwenye simu yake. Nikamrudishia. Panadol unaweza kuuziwa hivyo. Dawa ya homoni utakayoimeza kila siku kwa miaka, hapana.

Ninakonunua sasa kuna dada mmoja, mfamasia wa kusomea, cheti chake kimetundikwa ukutani juu ya rafu za dawa za kikohozi. Siku ya kwanza alinivutia kiti, akanifunga mkono kipimo cha presha kabla hata sijamaliza kueleza shida yangu. Mashine inavuma, yeye anauliza kwa sauti ya chini: nina miaka mingapi, navuta sigara, nimewahi kuvimba mguu mmoja ukauma, kuna saratani ya matiti, kisukari, ugonjwa wa ini? Nanyonyesha? Hedhi ya mwisho ilikuwa lini? Halafu akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Kichwa kikitaka kukuuma, kabla hakijaanza unaona vimulimuli au mistari mistari machoni?"

Nilimuuliza vimulimuli vinahusiana nini na uzazi. Akanieleza vizuri. Vidonge tunavyouziwa wengi wetu vina homoni mbili, estrojeni na projestini. Estrojeni ndiyo yenye masharti, kwa sababu inaongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Mwanamke mwenye kipandauso cha kutanguliwa na vimulimuli tayari yuko karibu zaidi na kiharusi kuliko mwenzake, kwa hiyo hapewi estrojeni. Hapewi pia aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, wala mwenye umri wa miaka 35 na kuendelea anayevuta sigara. Presha ikifika 140 kwa 90, vidonge vya homoni mbili vinawekwa pembeni na mnaongea habari ya njia nyingine.

Hilo la presha lilimkuta shoga yangu wa Chumbageni. Alikuwa akinunua miaka na miaka dukani kwa mtu asiyempima, mpaka nilipomburuta hapa. Kipimo kikasoma 150 na kitu. Dada wa famasi akamwacha apumzike, akapima tena, ikawa vile vile. Hakumuuzia. Alimwandikia vile vipimo kwenye kikaratasi, akamwambia aende hospitali ya Bombo akaonwe presha yenyewe kwanza, na kwamba vipo vidonge vya homoni moja ambavyo mwenye presha anaweza kutumia. Shoga yangu alinuna njia nzima. Leo anameza vya homoni moja na dawa ya presha, na hajapata mimba.

Hivyo vya homoni moja ndivyo pia vya wanaonyonyesha. Mtoto akiwa hajafika miezi sita na unamnyonyesha, vya homoni mbili si vyako, na wiki sita za mwanzo ndiyo kabisa. Mwambie mfamasia umri wa mtoto hata kama hakuuliza.

Mwambie pia dawa nyingine unazomeza. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, zinalifanya ini liichome homoni upesi, na kidonge kinabaki jina tu. Antibayotiki za kawaida kama amoksilini hazina neno, ingawa utasikia mtaani kuwa zinaharibu.

Kuna maswali, na kuna udaku. "Umeolewa?" halimo katika yale niliyoyataja. Wala "mumeo anajua?" Binti akiulizwa hayo kwa sauti mbele ya wateja, na nyuma yake amesimama jirani wa mama yake, harudi tena, atakwenda kununua kwa wachuuzi wa njiani. Nawashauri wadogo zangu wafanye hivi: ingia saa ambazo hakuna watu, au andika kwenye simu unachotaka na umwoneshe, kisha omba mzungumze pembeni. Mfamasia anayejua kazi yake hatashangaa.

Marekani ilibidi watunge sheria ili mwanamke apate vidonge kwa mfamasia bila kupitia kwa daktari. Jimbo la Oregon liliwaruhusu wafamasia wenyewe kuwaandikia wanawake vidonge kuanzia 2016, na mteja anajaza kwanza fomu ya maswali ya afya. Julai 2023 wakaidhinisha Opill, kidonge cha homoni moja kinachouzwa bila cheti cha daktari. Niliposoma nilicheka kidogo, maana huku kwetu tunavinunua siku zote na hatujaona maajabu. Lakini ile fomu yao naitamani. Tungekuwa nayo kwenye kila kaunta, mashoga zangu kadhaa wangejua presha zao mapema.

Ujue pia umeingia wapi. Famasi inasimamiwa na mfamasia. Duka la dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, lina muuzaji aliyepewa mafunzo ya kutoa dawa, na wengi wao ni hodari, lakini si mfamasia. Kwa pakiti ya mwendelezo, mwili ukiwa umeshazoea na presha inajulikana, sioni tatizo kununua huko. Kwa kuanza, nenda famasi au zahanati. Na zahanati au kituo cha afya cha serikali wanakupa bure. Famasini unalipia kuokoa muda tu.

Sasa pakiti yenyewe. Nyingi tunazouziwa, za homoni mbili, zina vidonge 28: safu tatu za vyenye homoni, jumla 21, halafu saba vya rangi ya kahawia ambavyo ni madini ya chuma. Hedhi inakuja ukiwa kwenye vya kahawia. Vile saba havizuii mimba, vipo ili usipoteze mazoea, kwa hiyo ukisahau kimoja katika hivyo kitupe na usihangaike. Ukianza pakiti ndani ya siku tano za mwanzo wa hedhi, kinga inaanza papo hapo. Ukianza siku nyingine, hakikisha kwanza huna mimba, na utumie kondomu kwa siku 7. Vya homoni moja, siku 2 zinatosha.

Kwa pakiti hiyo ya homoni mbili, ukisahau kimoja chenye homoni, kimeze pale unapokumbuka, na cha leo kimeze saa yake, hata vikiwa viwili siku moja. Ukiacha viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja mara moja, endelea na vinavyofuata, na kondomu siku 7. Ikitokea hivyo wiki ya tatu, vya kahawia viache, ukimaliza vya homoni fungua pakiti mpya. Ikitokea wiki ya kwanza na mlikutana bila kinga, rudi kwa mfamasia upesi muongee habari ya P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba. Ukitapika kabla ya saa mbili kupita tangu umeze, meza kingine. Kwa hiyo usivimeze tumbo likiwa tupu. Kichefuchefu cha miezi ya mwanzo kipo, na matone ya damu katikati ya mwezi yapo. Vingi vya hivyo vinatulia ndani ya miezi mitatu. Visivyongoja ni maumivu makali ya kifua au kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa cha ghafla kisicho cha kawaida yako, macho kupoteza nuru, tumbo kuuma sana. Hapo hurudi famasini, unakwenda hospitali.

Ramadhani ndipo simu yangu haitulii. Swali la kwanza ni la saa. Aliyezoea kumeza mchana anataka kuhamia usiku. Vya homoni mbili havina taabu, kuchelewa saa kadhaa siku ya kwanza hakuharibu kitu. Vile vya homoni moja tunavyovipata huku vinataka saa ile ile, vikipita saa tatu zaidi ya muda wake unahesabika umesahau, na unatumia kondomu siku 2. Ndiyo maana mimi namshauri kila anayeanza achague saa tatu usiku tangu mwanzo, mwaka mzima. Watu wamefuturu, tarawehe imekwisha, tumbo lina kitu, na Ramadhani ikiingia hubadilishi chochote.

Swali la pili linaulizwa kwa kunong'ona: nataka nifunge mwezi wote nisidaiwe siku. Kwa anayetumia vya homoni mbili inawezekana. Ukimaliza vile 21 unaruka vya kahawia na kuanza pakiti nyingine siku inayofuata. Kitabibu haina madhara kwa ambaye vidonge hivyo vinamfaa, ila matone kidogo yanaweza kutokea. Upande wa ibada muulize ustadhi wako, mimi si mwalimu wa fiqhi. Ninachokuomba ni usichanganye na vile vidonge vingine vya kusogeza hedhi, norithisteroni, ambavyo watu humeza mara tatu kwa siku. Havikutengenezwa viwe kinga ya mimba kwa matumizi hayo. Kuna anayevimeza Ramadhani yote, hedhi haioni, akadhani amejikinga, na Shawwal anakuja na habari nyingine.

P2 ni ya dharura. Imeze mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72 tangu mlipokutana bila kinga; kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Haitoi mimba iliyokwishatunga. Anayeinunua kila wikendi analipa zaidi na analindwa kidogo kuliko mwenye pakiti ya mwezi, na hedhi yake inavurugika asijue tarehe. Mfamasia mzuri akikuona mara ya pili kwa P2 atakuuliza kwa upole kama hutaki njia ya kuendelea nayo kila mwezi. Usimkasirikie. Hata siku hiyo hiyo unaweza kuanza pakiti.

Ile hofu ya kwamba vidonge vinajazana tumboni au vinafunga kizazi, bibi zetu walituachia. Vinayeyuka kama dawa nyingine, na ukiacha, uwezo wa kushika mimba unarudi upesi. Inayochelewesha ni sindano ya miezi mitatu. Baada ya kuiacha unaweza kungoja miezi mingi, kwa hiyo anayetaka mtoto mwakani aizingatie hiyo kabla ya kuchoma. Na sindano, vijiti na kitanzi nendeni kituo cha afya, msichomwe nyuma ya pazia la duka. Wala hakuna kati ya hivi vyote kinachozuia Ukimwi isipokuwa kondomu.

Neno kwa akina baba mnaotumwa. Kaka, kumnunulia mkeo si aibu, na wafamasia wamewaona wengi. Ila pakiti ya kwanza mwache aende mwenyewe, presha inayopimwa ni yake. Za baadaye, chukua ile tupu uende nayo mkononi, usitegemee jina ulilolisikia ukiwa unavaa viatu. Microgynon na Microlut yanafanana masikioni, ya kwanza ina homoni mbili na ya pili ina moja, na anayenyonyesha kichanga akiletewa ya kwanza amekosewa. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa, na usiviache kwenye dashibodi ya bajaji.